Maisha ya Shekhar Mehta, Bingwa wa Mashindano ya Safari

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mmoja mashuhuri wa zamani ambaye maisha yake yanaweza kuwafaa vijana walioko shuleni. Wenzangu wamekwisha kuandika katika jarida hili juu ya viongozi, mashehe, mapadri na wanazuoni waliopita hapa Bagamoyo. Mimi ni dereva. Niliendesha magari kwa miaka mingi, kisha nikafundisha udereva mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo nimemchagua dereva mwenzangu, ingawa kati yake na mimi ni mbingu na ardhi. Naye ni marehemu Shekhar Mehta, aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari mara tano, nne kati ya hizo zikiwa mfululizo.

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi yenye mali na mashamba. Angeweza kukaa ofisini akahesabu faida mpaka uzeeni, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alipopata umri wa miaka 21 hivi aliingia katika mashindano ya magari, akianza na gari aina ya BMW, na tangu hapo hakugeuka nyuma.

Vijana wa leo wanaoona mashindano katika televisheni hawana budi kuelezwa Safari ya wakati ule ilikuwa nini. Ilianza mwaka 1953, nchi zetu tatu zikiwa bado chini ya Waingereza, na ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapokuwa yamepamba moto. Njia zilikuwa barabara za kawaida tu, hazikufungwa kwa ajili ya mashindano. Dereva aliyekuwa akishindana aliweza kukuta basi, ng'ombe, au mzee juu ya baiskeli akitoka shamba. Urefu wa safari yenyewe ulikuwa kiasi cha kilomita 5,000, usiku na mchana, na kila dakika ya kuchelewa kituoni iliandikwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 saba tena, ingawa kila mara yalianza magari zaidi ya 80. Kumaliza peke yake kulikuwa sifa.

Mwaka 1971 Mehta alikuwa wa pili, nyuma ya Edgar Herrmann wa Kenya, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z. Hapo ndipo jina lake lilipoanza kutajwa hata huku kwetu pwani.

Mwaka uliofuata, 1972, mashindano yalianzia Dar es Salaam. Nilikuwa kidato cha pili. Mjomba wangu, aliyenilea, alikuwa nahodha wa jahazi lililochukua boriti za mikoko kwenda Unguja. Sijui nini kilimvuta, maana hakuwa mtu wa magari, lakini alipanda lori pamoja nami alfajiri, tukapita Kerege, Mapinga, Bunju na Tegeta, tukafika mjini tukiwa weupe kwa vumbi. Tulisimama kando ya njia katika umati wa watu. Magari yalipita moja moja. Wenzangu walikuwa wakitazama rangi na namba, nami nikaitazama Datsun ya Mehta, nyekundu, boneti yake nyeusi. Mjomba alikuwa akitazama kitu kingine. Tulipokuwa njiani kurudi aliniuliza kama niliiona mikono ya wale madereva wakubwa. Sikuwa nimeiona. Akaniambia kuwa ilikuwa imetulia kama mikono ya msukani mzuri wa jahazi, ambaye husogeza usukani kidogo, tena mapema, kabla chombo hakijaanza kupotoka. Msukani mbaya, alisema, hukaa akishindana na mawimbi mpaka achoke yeye na kichoke chombo. Nilimwona mzee wa watu hajui gari ni nini. Nilisahau kwamba hata neno usukani magari wameliazima kwa vyombo vya baharini.

Mwaka ule walishinda Hannu Mikkola na Gunnar Palm, kwa gari la Ford Escort, wakawa wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda Safari. Lakini habari za magari zilisahauliwa upesi, maana tarehe 7 Aprili, siku tano tu baada ya Pasaka, Mzee Karume aliuawa Unguja, na pwani yote ikaingia katika majonzi.

Kwa Mehta mwaka 1972 ulikuwa na pigo lake. Mwezi wa Agosti Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, akawapa siku 90 kuondoka. Watu waliozaliwa pale, na wazazi wao wakazaliwa pale, waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwao. Yeye akahamia Kenya. Alikuwa na miaka 27, hana tena nchi aliyozaliwa, na alichobaki nacho ni kazi aliyoijua mikononi mwake.

Pasaka ya 1973 alianza Safari tena, akiwa na msoma ramani wake Lofty Drews, katika Datsun 240Z. Huo ndio mwaka yalipoanza mashindano ya ubingwa wa dunia wa rali, na Safari ikahesabiwa ndani yake. Mwisho wa safari ikaonekana kwamba Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun nyingine, wamelingana adhabu sawasawa. Baada ya maelfu ya kilomita za matope na mawe, hakuna aliyemzidi mwenziwe hata dakika moja. Sheria ikatazamwa, na ushindi akapewa Mehta kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ninawaomba vijana waikumbuke habari hii. Hakushinda kwa kukimbia sana mwishoni. Alishinda kwa sababu ya uangalifu wa saa za kwanza, wakati ambapo watu wengi hudhani kwamba bado mapema.

Sisi vijana wa Bagamoyo hatukuisikia hivyo. Tulisikia tu kwamba Mehta ameshinda, na tukaona picha za magari yakirusha matope na mkia wa gari ukiwa umekwenda upande. Tukadhani kwamba udereva ni kuserereka.

Mwaka 1975, nilipokuwa nimepata leseni karibuni, niliendesha pikapu kutoka Dar es Salaam kuja Bagamoyo. Barabara wakati ule ilikuwa bado ya udongo na mchanga. Pembeni yangu alikaa mwenzangu tuliyeketi dawati moja miaka minne hapa shuleni. Karibu na Mapinga palikuwa na kona iliyojaa mchanga, nami nikaiingia kwa mwendo mkubwa makusudi, ili mkia upige na mwenzangu aone. Mkia ulipiga kweli. Niliogopa, nikaondoa mguu kwenye mafuta mara moja, nikakanyaga breki, na nikauzungusha usukani kwa nguvu zangu zote. Kwa muda gari halikunisikia. Kisha tairi za mbele zikapata ardhi ngumu, gari likaruka upande wa pili, likapinduka. Mimi nilivunjika kidole gumba. Mwenzangu aliumia mguu wa kushoto, na mguu ule haukurudi kuwa kama zamani mpaka leo. Wote wanaohudhuria mikutano yetu wanamjua kwa fimbo yake. Hakuna aliyenisukuma wala gari halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichokosea, na ninakieleza hapa kwa sababu ndicho kilichomfanya Mehta kuwa Mehta.

Jambo la kwanza ni tairi. Gari zima linashikana na ardhi kwa sehemu nne ndogo, kila moja karibu sawa na kiganja cha mkono. Kila tairi ina nguvu yake ya kushika, nayo ina kikomo. Ukiitumia yote kufunga breki, haibaki nguvu ya kukata kona. Ukiitumia yote kukata kona, haibaki ya kufunga breki. Ndiyo maana dereva hodari hupunguza mwendo gari likiwa bado limenyooka, akabadili gia, kisha ndipo akaingia kwenye kona. Anaingia taratibu, anatoka haraka. Mwenye papara huingia haraka, na mara nyingine hatoki kabisa.

La pili ni uzito. Ukifunga breki, uzito wa gari huja mbele, pua ikainama, tairi za nyuma zikawa nyepesi. Ukikanyaga mafuta, uzito hurudi nyuma. Mimi pale Mapinga niliondoa mafuta na kufunga breki katikati ya kona, mkia ukiwa umekwisha kuteleza. Yaani niliuondoa uzito kwenye tairi zile zile zilizokuwa zikiuhitaji. Gari la kusukumwa na tairi za nyuma, kama yalivyokuwa magari ya Mehta, likianza kupiga mkia, dereva hugeuza usukani kuelekea kule mkia unakokwenda, kwa kipimo, wala haondoi mguu ghafla. Na mkia unapoanza kurudi, naye huurudisha usukani mapema, asingoje. Hapo ndipo wengi wanapokufa. Hawafi katika kuteleza kwa kwanza, bali katika kule kwa pili, gari linapodaka ardhi na usukani ungali umepinda.

Kuna na kosa la kinyume chake, pale unapogeuza usukani na pua ikaendelea moja kwa moja kama isiyosikia. Anayeanza huzidi kuugeuza. Haifai. Tairi iliyokwisha kuteleza haipati nguvu kwa kupindwa zaidi. Punguza mafuta kidogo, legeza usukani kidogo, ishike ardhi kwanza, kisha uombe tena.

La tatu ni mikono yenyewe. Chukua usukani kama uso wa saa, mkono wa kushoto kwenye 9 na wa kulia kwenye 3. Vidole gumba viwe juu ya duara, visiingie ndani. Magari ya zamani hayakuwa na usukani wa pawa, na tairi ilipopiga jiwe usukani ulirudi kwa kishindo. Kidole changu kilichopinda ni ushahidi. Usishike kwa kukaza, maana mkono uliokaza hausikii. Usukani hukuletea habari za njia, kama kamba ya mshipi inavyomletea mvuvi habari za samaki. Katika mchanga huwa mwepesi ghafla, na ukiona hivyo jua kwamba tairi za mbele zimeacha kushika. Katika tope huwa mzito. Katika mchanga na tope mwendo uwe mmoja, mafuta yawe sawasawa, na usipigane na gari linapotikisika kidogo.

La nne ni macho. Mikono hufuata macho. Anayetazama shimo huingia shimoni. Tazama mbali, mahali unapotaka kwenda, na mikono itafanya kazi yake mapema, nayo ikifanya mapema itafanya kidogo. Mjomba wangu aliyaona yote haya kwa kutazama magari yakipita asubuhi moja, kwa kuwa baharini alikuwa ameyajua maisha yake yote.

Turudi kwa marehemu. Sifa yake kubwa haikuwa kukimbia kuliko wote. Walikuwapo madereva kutoka Ulaya waliomzidi kwa mbio za kilomita chache. Sifa yake ilikuwa kujua gari linaweza kubeba nini, na kulifikisha. Alipanga mwendo wa siku nne, siyo wa saa moja. Kila kishindo kisicho cha lazima hula springi na shokapu, na kila kuserereka kwa kujionyesha hula tairi na dakika. Mkia wa gari lake ulipokwenda upande katika zile picha, ulikwenda kwa sababu njia ilitaka hivyo, naye alikuwa akiungoja.

Baada ya 1973 ilimlazimu kungoja miaka sita. Huku kwetu mambo yalibadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na Safari haikuja tena Dar es Salaam. Tuliifuata kwa redio tu. Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaivamia Kagera, na vijana wetu wakaenda vitani, wakiwamo wawili wa darasa letu.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikombolewa. Siku moja baadaye, tarehe 12, Safari ya mwaka ule ilianza Kenya. Mehta alikuwa na msoma ramani Mike Doughty katika Datsun 160J, gari la kawaida kwa sura, dogo kando ya Mercedes kubwa alizoshindana nazo. Tarehe 16 alifika wa kwanza, Hannu Mikkola akiwa wa pili kwa Mercedes. Mimi nilikuwa Bagamoyo, nikisikiliza redio ya betri pamoja na yule mwenzangu wa dawati. Habari ya kwanza tuliyoingoja ilikuwa ya Uganda. Ya magari ilikuja mwisho kabisa, kwa maneno machache. Tukatazamana. Mtu aliyefukuzwa kwao na Amin ameshinda siku zile zile Amin alipofukuzwa. Sijui alikuwa na nini moyoni mwake, wala si kazi yangu kubuni. Ninajua tu kwamba kwa siku zile nne ilimpasa kuyaweka yote kando na kutazama njia.

Mwaka 1980 akashinda tena, Rauno Aaltonen wa Finland akiwa wa pili. Mwaka 1981 akashinda tena, Aaltonen akiwa wa pili tena. Mwaka 1982 akashinda mara ya tano, na aliyemfuata alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo huo alikuwa bingwa wa dunia. Miaka yote minne alikuwa na Doughty pembeni, na gari lilikuwa Datsun ya aina ile ile ya Violet. Hakuna mwingine aliyewahi kushinda Safari mara nne mfululizo. Watu walisema ana bahati. Bahati huja mara moja, pengine mara mbili.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya sana jangwani Misri, katika mashindano ya Mafarao, na huo ukawa mwisho wa mashindano yake. Ninalitaja hili wazi ili kijana asidhani kwamba ufundi ni hirizi. Hata mikono ile ilikutana na siku yake. Lakini hakukaa akanung'unika. Aliingia katika uongozi wa mchezo wenyewe, akawa mwenyekiti wa kamati ya rali ya shirikisho la magari la dunia, na humo alifanya kazi mpaka mwisho wa maisha yake. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Zilikuwa zimebaki siku nne kufika Pasaka.

Safari aliyoijua yeye haipo tena. Iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudishwa mwaka 2021, lakini sasa ni fupi, na sehemu za kushindana hufungwa zisipite magari mengine. Na barabara yetu ya Bagamoyo imetiwa lami. Lami imeondoa vumbi lakini haikuondoa papara. Nikikaa barazani jioni ninaona vijana wakipita na magari na bodaboda wakilala kona kama nilivyofanya mimi mwaka 1975. Magari ya siku hizi yana vyombo vinavyosaidia breki na kuzuia kuteleza, navyo ni vizuri, lakini havitengenezi nguvu ya tairi pale ilipokwisha. Kile kiganja kimoja kwa kila gurudumu hakijaongezeka.

Nilipomaliza kuandika haya nilimpelekea yule mwenzangu ayasome kwanza, kwa kuwa mguu ni wake. Aliyasoma mpaka mwisho, akanirudishia, akaniagiza niongeze jambo moja. Niwaambie wanafunzi kwamba siku ile ya Mapinga hakuwa ameniomba nimwonyeshe chochote. Alitaka kufika nyumbani tu. Basi ninawaambia. Aliyekaa pembeni yako katika gari huwa anataka kufika nyumbani tu.

Mungu amrehemu Shekhar Mehta. Nasi tukutane salama katika mkutano ujao, kila mmoja afike polepole.